Tusikipe Kirusi cha Mafua Nafasi ya Pili

Ndugu wananchi wa Kapalamsenga, majirani zetu wa Karema na Ikola, nanyi mlio Majalila na Mpanda mjini, naomba dakika zenu chache tuzungumze habari ya mafua.

Najua, mafua hayana heshima. Homa ya malaria ikiingia nyumbani tunakimbilia zahanati. Kipindupindu kikitajwa tu, kijiji kizima kinachemsha maji. Mafua yakija tunapenga, tunakunywa chai ya tangawizi, tunaendelea na kazi. Mtoto anapiga chafya Jumatatu, mama anaumwa viungo Jumatano, Ijumaa baba hatoki kitandani na chombo kinaingia ziwani bila yeye. Wiki ikipita hakuna anayekumbuka.

Vijiweni, lakini, kuna neno ninalolisikia sana, na linasemwa kwa nia njema kabisa. Eti ugonjwa wa namna hii hujichosha wenyewe. Kirusi kikishakaa na watu hubadilika na kupungua makali, basi tuuache upite. Je, ni kweli?

Nusu yake ni kweli, na ni nusu inayofurahisha kuijua. Nusu nyingine inatutaka sisi tufanye kazi kidogo.

Kirusi cha mafua makali, ambacho wataalamu hukiita influenza, hakiwezi kuzaana peke yake. Sharti kiingie ndani ya seli ya pua, ya koo au ya pafu, kisha kiilazimishe seli hiyo kukitengenezea nakala. Maelekezo yote ya kazi hiyo yamo katika vipande 8 vya vinasaba. Ukivipanga vipande hivyo mwanzo hadi mwisho, unapata herufi zipatazo 13,500.

Sasa mfikirie mtoto wa darasa la nne aliyeambiwa anakili herufi 13,500 kutoka ubaoni, mbio mbio, bila kurudia alichoandika na bila mwalimu wa kumsahihisha. Atakosea? Atakosea tu. Seli za miili yetu zinaponakili vinasaba vyake huwa na namna ya kurudi nyuma na kufuta kosa. Kirusi cha mafua hakina. Ndiyo maana kwa wastani kila nakala mpya hutoka na kosa moja hivi, pengine zaidi, na mgonjwa mmoja hubeba mamilioni kwa mamilioni ya nakala.

Mengi ya makosa hayo ni hasara kwa kirusi chenyewe. Herufi moja ikikaa vibaya, nakala inashindwa kuingia kwenye seli nyingine, au inaingia na kukwama humo. Mtaalamu mmoja wa Denmark, Preben von Magnus, alilichunguza jambo hili miaka ya 1940 na 1950 kwa kukuza virusi vya mafua ndani ya mayai ya kuku. Alipovirundika vingi mno pamoja, vilitoka virusi pungufu, visivyoweza kuambukiza, ambavyo juu ya hayo viliwazuia hata wenzao wazima kuzaana. Adui anajikwaza mwenyewe! Sikufichi, nilipoijua habari hiyo kwa mara ya kwanza nilicheka.

Wataalamu nao hawakuliacha jambo hilo lipite hivi hivi. Mwaka 2014 Japani iliidhinisha dawa iitwayo favipiravir, ambayo kazi yake ni kukifanya kirusi kikosee zaidi kinaponakiliwa, mpaka nakala zake ziwe hazifai kitu. Nchi hiyo iliiweka akiba kwa ajili ya mafua mapya yatakayoshindwa na dawa nyingine.

Kabla ya hapo, huko Michigan nchini Marekani, mtafiti Hunein Maassab alikuwa ametumia miaka mingi kukizoesha kirusi cha mafua kilichopatikana mwaka 1960 kuishi penye ubaridi, hadi nyuzijoto 25. Kikazoea. Katika kuzoea, kikakusanya mabadiliko ya vinasaba yaliyokifanya kishindwe kwenye joto la mapafu. Puani, ambako kuna ubaridi kidogo, kinazaana na kuufundisha mwili ulinzi. Kikishuka kifuani kinashindwa. Kutokana na kirusi hicho ikapatikana chanjo ya kupuliziwa puani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003.

Huenda mama mmoja sasa hivi anasema, hayo ni ya Marekani na Japani, mimi hapa Kapalamsenga yananihusu nini?

Mama, yanakuhusu tangu siku ulipompeleka mwanao kliniki kwa mara ya kwanza. Fungua kadi yake. Yale matone ya polio aliyowekewa mdomoni ni virusi hai vya polio vilivyodhoofishwa kwa mabadiliko ya vinasaba. Chanjo ya surua na rubela ni hivyo hivyo. Nyumba zetu zimekuwa zikinufaika na virusi vilivyopunguzwa nguvu kwa miaka mingi, ila hatukuambiwa kwa maneno haya.

Na ni polio hiyo hiyo iliyotuonyesha hapa hapa, upande wetu huu wa magharibi, ile nusu ya pili ya habari.

Mnakumbuka Septemba 2023, wahudumu wa afya walipopita nyumba kwa nyumba na visanduku vya baridi? Walipita Katavi, Rukwa, Kigoma, Kagera, Mbeya na Songwe, wakiwatafuta watoto wote wa chini ya miaka 8. Wengi tuliuliza: mbona wetu walishapata matone?

Sababu ilikuwa hii. Mwezi Mei mwaka huo mtoto mmoja mkoani Rukwa, jirani zetu kabisa, alithibitika kuwa na polio ya aina ya pili, nayo ilitokana na kirusi kilichoanza kama kirusi cha chanjo. Kinadharia hakikupaswa kumdhuru mtu. Lakini kirusi dhaifu cha matone kikipita kwa mtoto aliyechanjwa, kikatoka chooni, kikampata mtoto asiyechanjwa, kisha mwingine na mwingine kwa miezi mingi, kila anayekipokea anakipa nafasi ya kunakiliwa upya. Kwenye nakala nyingi namna hiyo, hutokea makosa yanayofuta yale yaliyokidhoofisha. Makali yanarudi.

Naomba tusielewane vibaya hapa. Matone hayakuwa na lawama, na wazazi hawana lawama. Mahali ambapo karibu watoto wote wamechanjwa, kirusi hicho hakipati pa kwenda, kinakufa na udhaifu wake. Kinachokipa safari ndefu ni mapengo: mtoto aliyekuwa kambini ziwani siku ya kliniki, familia iliyokuwa njiani na mifugo, nyumba iliyo mbali na barabara.

Matone yaliyotumika katika kampeni ile yalikuwa ya toleo jipya, na ubunifu wake unastahili kusimuliwa. Wataalamu walikirekebisha kirusi cha chanjo hadi yale mabadiliko yanayokidhoofisha yawe magumu kufutika. Kisha wakagusa hata kile kifaa chake cha kunakili, ili kinakili kwa uangalifu zaidi na kukosea mara chache. Waliona kwamba kwa kirusi ambacho tayari ni dhaifu, kukosea ni hatari kwetu, maana kosa linaweza kuwa ndilo linalokirudishia nguvu.

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Badiliko la vinasaba halina upande. Mara nyingi hukidhoofisha kirusi, mara chache hukipa nguvu, na zile mara chache hutegemea kimepewa nafasi ngapi za kujaribu. Nafasi hizo ni sisi, watu.

Mafua nayo yameshatuonyesha jambo kama hilo. Ipo dawa ya mafua makali iitwayo oseltamivir. Ilijulikana kwamba kirusi cha mafua cha aina ya H1N1 kingeweza kuikwepa kwa kubadilisha sehemu moja tu ya protini yake, lakini badiliko hilo lilikilemaza. Kilikwepa dawa, kikashindwa kusambaa. Watu wakatulia. Msimu wa 2007 kuingia 2008 kirusi sugu kikaanza kuenea nchi baada ya nchi, hata kwa watu ambao hawajawahi kuiona dawa hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ukaeleza kilichotokea: mabadiliko mengine yalikuwa yametangulia kimya kimya na kuufidia ule ulemavu.

Kwa hiyo yule ndugu yetu wa kijiweni akisema kirusi kitapungua chenyewe, tumjibu kwa upole: huenda, wala hakuna sheria inayokilazimisha.

Atatutajia mafua ya 1918, na ni mfano mzuri. Tarehe 25 Novemba 1918 jeshi la Wajerumani chini ya kamanda wake Lettow-Vorbeck lilisalimu amri Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Askari wake wakapakiwa melini Kasanga, wakapandishwa na ziwa hili hili letu mpaka Kigoma, kisha wakaingia treni ya Tabora. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekwisha, lakini mafua yakawafuata, na wengi waliosalimika risasi na njaa wakafa kambini kwa kukohoa. Duniani kote ugonjwa ule uliua watu wanaokadiriwa kufika milioni 50.

Vizazi vya kirusi kile viliendelea kuzunguka kwa watu hadi 1957, vikarudi tena 1977, na havikuua tena kwa kiasi kile. Je, vilidhoofika? Vilibadilika sana, ndiyo. Lakini watu nao walibadilika: waliobaki walikuwa wameshaugua na miili yao imejifunza. Wapo wanaopenda kuuhesabu upole wote ule kuwa ni kazi ya mabadiliko ya kirusi. Mimi naona wanasahau waliozikwa ili wengine wapate kinga. Njia hiyo ya kungoja ni ghali mno, wala hatuhitaji kuirudia.

Tena tunao mfano wa kutia moyo kuliko huo. Mafua ya binadamu yana matawi kadhaa, na moja lilikuwa linaitwa B/Yamagata. Ilipofika 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, dunia nzima ilinawa mikono, ikavaa barakoa, ikapunguza safari na misongamano. Tangu Machi 2020 tawi hilo halijathibitika tena kuonekana kwa mgonjwa yeyote. Mwaka 2023 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walisema halina haja ya kuendelea kuwekwa kwenye chanjo. Fikirieni, ndugu zangu. Tawi zima la mafua, na huenda aliyelimaliza ni mtu wa kawaida aliyenawa mikono akiwa na shughuli zake nyingine kabisa.

Basi tufanye nini huku kwetu?

Nyumbani, mgonjwa apewe siku zake. Mtu mzima mwenye mafua huambukiza zaidi katika siku tatu nne za mwanzo. Akilala karibu na dirisha lililo wazi, kikombe chake kikiwa chake, akakohoa kwenye kiwiko au kitambaa badala ya kiganja, ameshazuia mengi. Tafiti zinaonyesha kwamba katika virusi vyote anavyotoa mgonjwa, kinachoshika na kuanzisha ugonjwa kwa mwenzake mara nyingi ni kirusi kimoja au viwili tu. Uzi mwembamba namna hiyo, si tunaweza kuukata?

Bibi mwenye pumu, mama mjamzito, mtoto mchanga, ndugu anayetumia dawa za kufubaza VVU: hawa ndio mafua huwaelemea. Kaka ukitoka Mpanda na mafua, usimpakate mtoto mara tu ufikapo hata kama umemkumbuka. Msalimie kwa mbali, nawa, ngoja siku zipite. Hatakasirika.

Na akina mama, tusikosee katika jambo hili: mtoto anayepumua kwa haraka, anayebonyea kifua akivuta pumzi, au anayekataa kunyonya, huyo si wa tangawizi. Ni wa zahanati, usiku ule ule. Homa nayo ipimwe. Huku kwetu tumezoea kuiita kila homa malaria na kumeza dawa, kumbe kipimo cha haraka kingetuambia mapema kama ndiyo au siyo.

Dukani, kwenye maduka yetu ya dawa muhimu, tusiagize antibiotiki kwa ajili ya mafua. Hazikigusi kirusi hata kidogo. Zinachofanya ni kuwazoesha bakteria waliomo mwilini, na siku nimonia ya kweli ikija dawa inashindwa. Wewe dada unayeuza hapo kaunta unaaminika kuliko daktari wa mbali. Neno lako moja, "hii haitakusaidia, mjomba," lina uzito.

Kazini ni pagumu zaidi, nakiri. Nani atamwambia mvuvi asiende kuvua dagaa mwezi ukiwa umezama kwa sababu anapiga chafya? Nani atamwambia mchimbaji wa shaba aache zamu, wakati posho ni ya anayefika? Hapa naomba wenye vyombo na wenye maduara watusaidie. Mtu mmoja mgonjwa akipumzishwa siku mbili bila kunyang'anywa nafasi yake, unaokoa kikosi kizima. Chini ya shimo hewa ni ile ile mnayopokezana, na vumbi la mawe limeshayachokoza mapafu. Hata hivyo, kikohozi kikipita wiki mbili tusikiite mafua tena. Mtu aende kupimwa kifua kikuu. Kipimo na matibabu yake ni bure.

Mama lishe, sabuni na maji mbele ya meza vinaleta wateja. Dereva wa gari la Mpanda, fungua madirisha, hata abiria wakinung'unikia vumbi. Mwalimu, mtoto mwenye homa akirudishwa nyumbani usihesabu kuwa ni utoro.

Kuku na bata nao wanatuhusu. Mafua yote makubwa ya binadamu yana asili ya ndege kwa njia moja au nyingine. Januari 2017 mafua ya ndege ya aina ya H5N8 yalithibitika Uganda, kandokando ya Ziwa Victoria, na mwaka huo huo yakafika Ituri nchini Kongo. Sisi tuna ziwa, tuna ndege wahamao, tuna kuku wanaolala jikoni. Kuku wengi wakifa kwa pamoja huenda ni mdondo tu, ndiyo, lakini tusiwachinje wale wanaosinzia ili "wasiharibike". Tuwaache, tuwaweke watoto mbali, tumwite afisa mifugo. Kirusi cha ndege kwa kawaida hakimudu vizuri mwili wa mtu. Kinahitaji mabadiliko machache ya vinasaba, na kila mkono unaonyonyoa kuku mgonjwa ni nafasi ya kuyajaribu.

Nchi yetu pia ina macho. Tangu 2008 kuna hospitali zinazochukua sampuli za pua na koo za wenye mafua makali, Mwananyamala na Haydom zikiwamo, na zilikuwepo kazini Julai 2009 kirusi kipya cha H1N1 kilipothibitika Tanzania. Siku mhudumu akikuomba akupitishe kijiti puani, kubali. Kinawasha kidogo tu, na ndivyo inavyojulikana kirusi kimebadilika kuelekea wapi. Ukiona ugonjwa usioeleweka kijijini, namba 199 ya Wizara ya Afya haitozi senti.

Chanjo ya mafua haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto wetu. Zilizomo zinatosha kutupa kazi: ile ya nimonia inamkinga mtoto na bakteria wanaovizia kifua kilichodhoofishwa na mafua, na matone ya polio mmeshasikia habari yake. Tazama kadi ya mwanao leo usiku, na ya mtoto wa jirani aliye kambini kama bibi yake ndiye anayeitunza. Kuna tarehe iliyorukwa? Haijachelewa. Mwambie mhudumu wa afya wa kitongoji chenu, atakupangia siku.

Lipo jambo moja dogo la mkutano mkuu wa kijiji. Vibuyu chirizi tulivitundika kwa wingi mwaka 2020, mialoni, sokoni na mashuleni, na nguzo za vingi bado zimesimama. Mwenyekiti, tafadhali liweke kwenye ajenda: mwaloni pale, nani anajaza maji asubuhi, nani anajaza jioni, na sabuni inatoka mfuko upi? Vijana wa bodaboda wa pale stendi wakikubali kushika zamu ya jioni, mimi nitachangia sabuni ya mwezi wa kwanza.